Washa ya Shaba

Kling! Alfajiri, chumba kikiwa bado giza, kitu kilidondoka kutoka mfukoni mwa ovaroli. Fundi akakipapasa sakafuni: washa ya shaba, kijiduara cha kuziba maungio ya paipu, bado inateleza kwa mafuta.

"Mungu wangu, ya foklifti!"

Jana alifunga paipu ya usukani wa gari hilo la kuinulia mizigo, akasahau kuirudisha washa. Usukani ule haujaunganishwa na magurudumu kwa chuma chochote. Ni mafuta tu yanayoyageuza. Yakivuja, dereva atazungusha usukani bure.

Alikuwa na wiki moja tu kazini, ufundi akiwa ameusomea madarasa ya jioni. Hata hivyo akampigia msimamizi.

"Ee, dada wa masomo ya jioni! Umeota spana?"

"Foklifti ya jana isiwashwe, bosi."

"Kisa?"

Akikiri, huenda akafukuzwa. Mwanga wa simu uliimulika washa kiganjani. Binti yake akajiinua kitandani, akaisogelea simu.

"Kipete chake kiko huku kwetu."