Wagonjwa Kwanza

Damu yangu mwenyewe iliwaka nyekundu kwenye kioo cha kupimia, na mimi sijaugua hata mafua mwaka mzima.

Miaka miwili nimepima damu za watu katika maabara hii. Asubuhi natia rangi sampuli za wagonjwa, mchana za wazima. Hakuna aliyeniagiza. Niliwaonea huruma tu, nikasema mgonjwa asikae foleni hata akiwa ndani ya kichupa. Kila jioni mashine ilionyesha yaleyale: nukta za wagonjwa nyekundu, za wazima zimefifia. Kwa nukta hizo Profesa, mkuu wa maabara, akatangaza kipimo cha ugonjwa, na kwa kipimo hicho watu sitini sasa wanameza dawa kali mpaka kucha zinang'oka.

Leo nimetanguliza damu yangu, rangi niliyoikoroga alfajiri ikiwa bado mbichi. Kumbe ni rangi, si ugonjwa! Ikifika mchana huwa imeshachuja.

"Profesa," nikamwita, "kioo hiki ni cha damu yangu. Tunadanganywa na rangi."

Alikichukua akakitazama. Kidole gumba chake kilifuta alama pembeni mwa kioo, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi.

"Nani mwingine amekiona?"

"Hakuna."

Akaenda kufunga mlango. Akarudi na kopo la vidonge, akamimina viwili kiganjani, akanisogezea glasi ya maji.

"Pole sana, binti yangu," alisema, akizitazama kucha zangu. "Kipimo hiki hakijawahi kukosea."