Sauti Shingoni mwa Kidoto

Mjini kwetu kila paka ana chipu shingoni. Ikifika magharibi, chipu humwita nyumbani kwa sauti ya mwenye leseni ya kumfuga. Paka wetu Kidoto alikuwa akiitwa kwa sauti ya marehemu mume wangu: "Kidoto, njoo tule, bibie." Mwaka mzima nimekuwa nikiingoja sauti hiyo kuliko ninavyomngoja paka mwenyewe.

Leo nimempeleka chanjo. Daktari akasoma chipu.

"Pole, mama. Leseni ya marehemu haihuishwi. Rekodi sauti yako hapa."

Nikarekodi.

"Ile ya zamani naomba nibaki nayo."

"Yako imeshaifuta, mama."

Magharibi imefika. Shingoni mwa Kidoto naita mimi. Yeye amelala juu ya viatu vya mume wangu, anasubiri aitwe.