Mfuko Mmoja na Robo

"Awe, mayo! Sasa binti, hiyo robo niibebe kwenye kopo?"

Mzee Osea, mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, alishika hati ya kupakia huku akicheka mpaka mabega yakatikisika. Alikuwa amenunua mifuko ya saruji elfu moja mia mbili na hamsini. Hati ilisema 1,25: mfuko mmoja na robo.

Tusekile, karani wa duka, hakucheka. Aliandika tena mbele yake, polepole: 1,250. Kompyuta ikauchukua mkato kuwa alama ya desimali, ikatoa mfuko mmoja na robo uleule.

"Bosi, jana nilifunga ikiwa sawa," akasema.

"Kwa hiyo imejiharibu yenyewe usiku? Imeota ndoto mbaya?" Yassir, mwenye duka, alikuwa mlangoni akizungusha ufunguo wa ofisi kidoleni. "Mara ya nne hii. Ikirudia tena, utarudi kwenu Ihanda ukachume kahawa."

Tusekile akaifuta ile namba. Nyumba nzima ya mama yake ilikula kwa kazi hii.

Yassir akatoa simu, na sauti yake ikashuka. "Fundi Fauzia? Shikamoo... aa, samahani, habari za Vwawa? Ni ule mkato tena. Hali mbaya kweli. Tafadhali njoo."

Yassir akamwandikia Mzee Osea hati nyingine kwa mkono, akaingia chumba cha nyuma.

Lori likapakiwa, likaondoka. Tusekile akabaki na mashine na hofu yake. Safari iliyopita alisimama nyuma ya Fauzia, akaona alikobonyeza. Akajikaza. Akafungua pale pa kuchagua namna ya kuandika namba. Pa kutenga maelfu pamewekwa nukta. Pa desimali, mkato. Akavibadilisha, akaandika 1,250, akafumba macho.

Alipofumbua, mifuko ilikuwa elfu moja mia mbili na hamsini, yote mizima.

"Bosi!" akapiga kelele kwa furaha. "Njoo uone, imepona! Nimeitengeneza mwenyewe. Hatuhitaji fundi tena!"

Yassir akatoka mbio, povu la kunyolea bado shavuni. Akatazama kioo cha kompyuta. Akachungulia barabarani. Kisha akainama na kunong'ona:

"Irudishe ilivyokuwa, dada'angu, nakuomba. Fauzia ameshapita Mpemba, anakaribia kufika."