Bonde Ambalo Verlin Hakulicheka

Kibali changu cha kwanza cha kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, nilikibandika kwenye friji. Kisha nikatandaza mezani ramani ya milima ya umma, ambako yeyote mwenye kibali huwinda, nikatia alama nyekundu mahali nilipofikiria kuanzia. Sikukodi mtu wa kuniongoza, nilitaka kwenda mwenyewe.

Jirani yangu Verlin, aliyewinda huko miaka arobaini, alikuja kunywa kahawa na kuzicheka alama zangu nyekundu.

"Hapa, dada, utakuta magari mengi kuliko elki."

"Na hapa juu?"

"Hapo utampata. Halafu utashusha nyama kwa mgongo siku tatu, huku unalia."

Nikacheka naye. Kidole changu kikateleza hadi kwenye kibonde kimoja nyuma ya ukingo wa mlima, ambako sikuwa nimeweka alama yoyote.

Verlin akachukua kijiko, akaanza kukoroga kahawa. Kahawa yake haina sukari wala maziwa.

"Huko hakuna kitu," akasema. "Usijisumbue."

Nikakiondoa kidole pale kana kwamba hapakunivutia. Nikamwongezea kahawa, akaikoroga nayo.

Mlangoni akageuka. "Kwani umeamua kuanzia wapi?"

Nikagusa ile alama ya magari mengi.

"Hapa," nikasema.