Mboje Hafi

Mboje alikuwa anakufa, na banda zima la video la Urbano lilikuwa linalia.

Hellena, muuza karanga, alikuwa amejifunika kanga usoni. Vijana wa bodaboda, watu ambao hata kwenye misiba ya kweli huwa wanachati, walishika vichwa. "Steringi hafi, bwana!" mmoja alifoka. "Tangu lini steringi akafa?"

Mboje mwenyewe, yule wa nyama na damu, alikuwa amekaa benchi la mbele na wazee wenzake wawili, fimbo katikati ya magoti, akijitazama ukutani anavyokata roho.

Na Leonsi, maiki mkononi, jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kiunoni.

Leonsi ndiye mtafsiri wa muvi pale Mazwi. Kiingereza alichokijua ni kile cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, lakini mdomo, jamani! Picha inatembea ukutani, sauti yake imepunguzwa, yeye anaimimina kwa Kiswahili utadhani alikuwepo ilipopigwa. Na kila mhusika humpa jina la mtu wa hapa hapa. Kwa hiyo ilipokuja ile muvi ya Kikosi cha Radi, mashujaa sita wa kuokoa dunia, lile jitu refu kuliko mnara wa simu, linalotembea huku maghorofa yanaanguka, akaliita Mboje.

Jina hilo hakulitoa hewani. Mboje ni mfugaji wa Kisukuma, mji wake uko bondeni Muze, na ndiye baba yake Jenifer. Leonsi na Jenifer walitaka kuoana. Mzee alikuwa hajasema ndiyo, hajasema hapana. Leonsi akaona ampandishe cheo. Mkwe ukishamfanya shujaa wa dunia, atakataa nini tena?

Sehemu ya kwanza Mboje aliitazama yote. Ilipokwisha aliuliza swali moja tu: "Hilo linalovunjavunja, ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe, baba. Steringi."

Mzee alitikisa kichwa, akateremka kwao Muze. Baadaye Jenifer akasimulia kwamba baba yake hamalizi siku bila kulitaja lile jitu. Kichwa cha Leonsi kikavimba.

Ndipo sehemu ya pili ikatoka. Kabla haijafika Mazwi, Adriano wa bodaboda, aliyekuwa amepeleka abiria Kasesya mpakani, akarudi na habari: ameiona huko ng'ambo, na jitu linakufa. Loo, Mazwi hapakukalika! Kina mama wa sokoni walimwita mchawi. Fundi akakataa kumjazia upepo. Wengine waliapa kwamba ikiwa ni kweli, bandani hawaingii tena. Na katikati ya kelele hizo Leonsi akasikia kwamba Mboje anapanda kutoka Muze Jumapili, na anakuja na wazee. Mtu haji na wazee kutazama muvi bure. Leonsi aliogopa, tena sana. Jitu likifa na jina la mzee mbele ya wazee wenzake, Jenifer ndiyo basi tena.

Sasa jitu lilikuwa chini, ghorofa zima juu ya kifua, wenzake watano wamepiga magoti. Mlangoni Jenifer, aliyefika na baba yake akakosa pa kukaa, alikuwa anampungia Leonsi mikono yote miwili na kutikisa kichwa: hapana, hapana! Leonsi akamwelewa. Usikubali afe.

Liwalo na liwe.

"Nyamazeni!" alinguruma kwenye maiki. "Nani kawaambia amekufa? Mboje amejilaza! Anawapumbaza maadui!"

Vilio vikakatika. Ukutani, mmoja wa mashujaa akalifumba jitu macho.

"Anamkinga vumbi lisimwingie!"

Jitu likatiwa kwenye jeneza kubwa kama lori.

"Humo mna mawe matupu! Mboje katokea mlango wa nyuma, yuko kwa mganga wa mifupa!"

"Muongo!" Adriano alisimama. "Mimi nimeona, amekufa kabisa!"

Wakamvuta shati akakaa. Hellena akamrushia karanga.

Muvi ikaisha, majina ya waigizaji yakaanza kupanda ukutani.

"Hao mnaowaona," Leonsi alisema, sauti imemkauka, "ni waliochangia matibabu. Amepona! Anarudi sehemu ya tatu, na safari hii habakizi hata ukuta!"

Banda lililipuka. Watu wasiojuana wakakumbatiana. Wakatoka wakiimba barabara nzima, "Mboje hafi! Mboje bomoa!" mpaka waliokuwa kilabuni wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Leonsi hakuwahi kushangiliwa hivyo tangu azaliwe. Alijifuta uso, akamfuata mzee, ambaye bado alikuwa benchini na wenzake.

"Shikamoo, baba," alisema akiinama, meno yote nje. "Umeona mwenyewe, hujafa."

"Marahaba." Mboje alinyanyuka polepole, akisikiliza wimbo unavyoelekea mjini. "Mwanangu, tangu ulipoliita lile jitu kwa jina langu, ng'ombe wangu akigusa jani la mahindi ya mtu, Muze nzima inaniimbia hiyo hiyo 'Mboje bomoa'. Kijana Adriano akaniapia kwamba leo linakufa. Nikawaita wazee hawa, nikawaambia twendeni tukalizike, na tukitoka hapo tumpe Leonsi Jenifer wake."

Aliokota fimbo yake.

"Basi, mahari tutaongea siku litakapokufa."