Mshauri Asiye na Msiba

Chuo hakikutaka mwanafunzi wa uzamili wa ushauri nasaha aanze mazoezi akiwa na msiba wake moyoni, eti usije ukachanganyika na wa wateja. Kwa hiyo kila mmoja alifutiwa kumbukumbu ya msiba wake kichwani, na Tausi alipanga foleni kama wenzake.

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe, Shomari, jikoni, amekumbatia viatu vidogo vyekundu, analia kwa kwikwi. Tausi akavuta kiti, akakaa kama alivyofundishwa.

“Pole sana. Umefiwa na nani?”

Shomari akamkodolea macho. Kisha akasema, “Binti yangu. Subira.”

Tausi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa upole uleule wa darasani.

“Na mama yake,” akauliza, “anaendeleaje?”