Injini Isiyotakiwa Kunyamaza

Fondo alilala chali chini ya gari la Bwana Sattar, aking'oa kipande cha mpira alichokiweka mwenyewe asubuhi ile ile. Kilikuwa kimekaa barabara, hakina kasoro hata ya unywele. Alikitoa, akakitia mfukoni, akakaza bolti chuma juu ya chuma. Roho ilimuuma.

Gari lilikuwa kuukuu, la kabla ya vita. Injini ilikuwa ngeni, ya mnada wa jeshi, na miguu yake haikulingana na matundu ya fremu. Siku tatu nzima pale Liwatoni, Mombasa, Fondo alipima, akakata vyuma, akatoboa matundu mapya. Kisha alichonga vipande vinne vya mpira kutoka tairi la lori, kimoja chini ya kila mguu, ili injini ikitetemeka itetemeke peke yake. Asubuhi aliiwasha, akaweka kikombe cha kahawa juu ya boneti. Kahawa haikutikisika.

Hicho ndicho alichotaka Bwana Sattar, muuza vitambaa wa Ndia Kuu, mtu mkali aliyewafokea hata wapagazi akiwakuta wanacheza karata kivulini.

"Injini ya zamani ilinitangaza mji mzima," alisema. "Hii nataka inifikishe nyumbani kimya."

Tena alimpa ahadi. Binamu yake Jusab alikuwa anafungua gereji, anatafuta fundi mkuu, na angekuja alasiri kulisikiliza gari. Likiwa kimya, kazi ni ya Fondo. Fondo alikuwa ameitamani kazi ya namna hiyo miaka kumi, na usiku uliotangulia furaha ilimnyima usingizi.

Ila saa nne alikuja Hawabai, mkewe Sattar, mtandio umemfunika hadi machoni.

"Fundi, gari hili likinyamaza, nyumba yangu imevunjika," alisema. "Nataka nimsikie akiwa bado Ndia Kuu."

"Kuna nini, Bibi?"

"Usiniulize, fundi." Akajifuta machozi, akaenda zake.

Fondo hakuhitaji kuuliza. Nani asiyejua kwamba Bwana Sattar hupeleka mapazia nyumba moja mtaa wa Kizingo kila alasiri? Mapazia gani hayo yasiyokwisha? Basi Fondo akaimalizia hadithi mwenyewe kichwani, akamwonea huruma sana mwanamke wa watu.

Adhuhuri alipanda baiskeli akaenda kula kwake, Majengo. Baiskeli ile ililia kwi-kwi-kwi njia nzima, na majirani hawakuchoka kumcheka: fundi wa injini, baiskeli yamshinda. Hawakujua kwamba Mejumaa, mkewe, ndiye aliyemkataza kuitia mafuta. "Nikiisikia tangu kona ya msikiti," alikuwa akisema, "nakutilia maji ya kuoga." Fondo aliamini hakuna mume Mombasa nzima apendwaye kama yeye.

Alipomweleza habari za Hawabai, Mejumaa aliacha kula.

"Utoe huo mpira, Baba Kingi. Mwanamke asiyemsikia mumewe akija hana raha."

"Nitaikosa kazi."

"Kazi nyingine itakuja. Mwenzangu yuko taabuni."

Hivyo ndivyo Fondo alivyojikuta tena chini ya gari, akiiharibu kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alitoa kipande kimoja tu, cha mbele kushoto. Kilitosha.

Jusab alikuja na Bwana Sattar, amevaa suti nyeupe. Fondo aliiwasha injini. Jusab aliweka kikombe cha kahawa juu ya boneti, na kikombe kikacheza, kikacheza, mpaka ukingoni, kahawa ikaimwagikia suruali yake.

"Mimi natafuta fundi," Jusab alisema akijipangusa. "Mpiga ngoma sina haja naye. Nitamchukua Nicodemus."

Bwana Sattar aliona haya hata hakutaka kulipanda gari lake. "Nipelekee nyumbani," alimwambia Fondo, kisha akaondoka na Jusab.

Fondo aliifunga baiskeli nyuma ya gari, akashika njia. Alikuwa na uchungu, lakini alijituliza kwamba angalau ameokoa nyumba ya mtu.

Gari lilinguruma Ndia Kuu yote. Alipoingia uchochoroni kwa Sattar, mlango wa nyuma wa nyumba ulifunguka. Alitoka mwanamke wa jirani, Khatijabai, viatu mkononi. Akafuata Parvin, shavu limejaa sambusa. Wa mwisho alikuwa Mwanatumu, akizisukumia karata ndani ya buibui. Wanawake wote watatu walishika njia kwa heshima, kama watu watokao matangani.

Hawabai alichungulia dirishani.

"Bwana hayumo?"

"Hayumo, Bibi. Niko peke yangu."

Hawabai aliwaita wenzake. "Rudini, si yeye. Ilikuwa zamu ya nani?" Kisha akamwinamia Fondo. "Mungu akuweke, fundi. Tumelisikia tangu mbali."

Fondo aliishusha baiskeli, akaipanda, akaelekea Majengo. Kwi-kwi-kwi. Ilikuwa saa kumi tu, na siku zote yeye hurudi magharibi. Kwi-kwi-kwi. Karibu na kona ya msikiti miguu yake ilipunguza mwendo, halafu ikaacha kabisa kukanyaga.

Alishuka. Alitoa kikopo cha mafuta kwenye mkoba wake wa spana, akautia mnyororo, kisha magurudumu, kisha pedeli, tone kwa tone, bila haraka. Akaisukuma baiskeli mpaka chini ya dirisha la nyumba yake. Haikulia hata kidogo.

"Gawa tena," alimsikia Mejumaa akisema ndani. "Baiskeli bado haijalia."